Nilikataa kazi ya laki tatu na ishirini: nilikosea?

"Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 26, nina stashahada ya ununuzi na ugavi, nakaa kwa kaka yangu Buhongwa, hapa Mwanza. Nimemaliza chuo miezi 14 sasa. Muda wote huo nimeitwa kwenye usaili mara mbili, na kazi niliyopata ni moja tu: kutunza stoo kwenye godauni Nyakato kwa 320,000 kwa mwezi. Niliikataa kwa sababu nilitegemea angalau 550,000, na nauli peke yake ni 2,800 kwa siku kwenda na kurudi. Kwa sasa nakaa kwenye kibanda cha miamala cha binamu yangu, karibu na nyumbani, kuanzia saa sita mchana. Ananipa 100,000 kwa mwezi na chakula. Wifi anasema nachagua kazi kama nachagua nyanya sokoni. Mjomba anasema mishahara iko chini kwa sababu tumekuwa wengi, kwa hiyo nisahau mshahara mkubwa. Rafiki yangu ananiita Dar. Mimi mwenyewe nimeanza kuamka saa nne asubuhi, na barua ya maombi nashindwa kuiandika. Je, nilikosea? Nishushe kiwango? Na waajiri wakiona nimekaa mtaani hivi, si wataniona nimeoza?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza kama maswali manne hivi, ukayafunga kwenye pindo moja la kanga. Nitalifungua fundo taratibu, maana ukilivuta kwa pupa linakaza.

Naanza na wifi, kwa sababu naona neno lake ndilo lililokuchoma. Hajakosea kusema unachagua. Anayetafuta kazi lazima achague, na hata yeye akiitwa kupaa samaki usiku kucha kwa elfu mbili ataikataa, na hakuna atakayemwita mvivu. Kila mtafutaji ana kiasi kichwani ambacho chini yake hakanyagi. Mimi darasani nakiita mshahara wa kizingiti. Mchumi mmoja wa Marekani, John McCall, alikipigia hesabu mwaka 1970, na alichokionesha ni rahisi kukisema ingawa wachache wanakifuata: kizingiti hakipimwi kwa cheti wala kwa heshima ya ukoo. Kinapimwa kwa gharama ya kusubiri, kwa ofa zinakujia kila baada ya muda gani, na kwa jinsi mishahara ya kazi yako ilivyotawanyika, yaani pengo kati ya anayelipa vibaya na anayelipa vizuri. Kimoja kikibadilika, kizingiti nacho kinatakiwa kihame.

Wewe 550,000 uliitoa wapi? Hukuniambia, ila nakisia. Kuna mwenzenu mmoja aliyepata serikalini au mgodini Geita, akaandika kwenye grupu la WhatsApp la darasa, mkampongeza wote. Waliopata laki mbili na nusu hawaandiki. Ukiishi ndani ya grupu hilo mwaka mzima utaamini yule mmoja ndiye kawaida.

Sasa tuchukue karatasi. Kwenye hiyo 320,000, makato ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, upande wako ni 10%, yaani 32,000. Inabaki 288,000. Kodi ya mshahara haikugusi mpaka uvuke 270,000 kwa mwezi, na kinachozidi hapo kinakatwa 8%. Wewe umezidi kwa 18,000, kwa hiyo kodi ni 1,440. Nauli 2,800 kwa siku 26 ni 72,800. Chakula cha mchana, maana Nyakato hakuna binamu wa kukupakulia, weka 2,000 kwa siku: 52,000. Mkononi unabaki na 161,760. Kibandani unabaki na 100,000, umekwenda kwa miguu na umeshiba. Tofauti ya kweli kati ya godauni na kibanda ni kama 62,000 kwa mwezi. Ulipoikataa ile kazi moyo ukikwambia "hailipi", moyo ulikuwa umeitangulia kalamu.

Fanya hivyohivyo kwa 550,000. NSSF 55,000, kodi 18,000, nauli na chakula vilevile. Mkononi 352,200, unakizidi kibanda kwa 252,200. Chukua miaka miwili kama kipimo. Ungeingia Nyakato ukatulia hapo, kwa miezi 24 ungekizidi kibanda kwa 1,482,240. Ungesubiri, ile ya 550,000 ikaja baada ya mwaka mmoja na nusu, miezi 6 iliyobaki ingekupa 1,513,200. Umeona? Kusubiri miezi 18 bado kunalipa, japo kwa kuponea chupuchupu. Nimeacha makusudi kitu kimoja ambacho vijana wengi hawakihesabu: mwajiri naye anachangia NSSF 10% yake, kwa hiyo ile kazi ya Nyakato ingekuwekea 64,000 kila mwezi kwa jina lako. Ukiiingiza hiyo kwenye hesabu za pande zote mbili, muda wa kusubiri unaolipa unashuka mpaka miezi 15 hivi.

Kwa hiyo kukataa kwenyewe hakukuwa wazimu, na hilo unaweza kumsomea wifi. Lakini hesabu yote imesimama kwa mguu mmoja, na mguu huo ni mbovu: kwamba ya 550,000 itakuja. Umepata ofa moja kwa miezi 14. Tuseme katika ofa tatu za fani yako ni moja tu inayofika kiasi hicho. Kwa mwendo wako wa sasa utaingoja miaka mitatu na nusu. Hapo ndipo ninapoona tatizo lako, kwenye uchache wa ofa, na kiwango unachobishania na wifi kila jioni kinakuja nyuma sana. Mtu anayepata ofa kila baada ya miezi mitatu ana haki ya kuringa. Anayepata moja kwa mwaka na zaidi hana pa kuringia, hata akiwa na shahada tatu.

Kuna kosa la pili. Uliipima Nyakato kama ndoa ya kanisani, ukiingia umeingia. Kazi ya kujishikiza haifungi mlango. Watu wengi wanaohama kazi wanahama wakiwa kazini, na mtu aliye ndani ya godauni anakutana kila siku na madereva wa malori, mawakala wa forodha, mafundi wa mizani na maofisa mauzo wa kampuni nyingine. Ukitafuta ukiwa ndani, gharama ya kukubali mshahara mdogo inapungua sana, na kizingiti kinatakiwa kishuke. Hoja hii ina mpaka, nakubali. Kama kazi yenyewe inakutoa nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kukurudisha saa mbili usiku, siku sita kwa wiki, hutapata nafasi ya kutafuta nyingine, na hapo ndoa ya kanisani inakuwa kweli.

Sasa mjomba. Ana nusu ya ukweli. Wingi wetu unashusha mishahara, sikatai. Lakini kama wingi ungekuwa ndiyo sababu pekee, kazi moja katika mji mmoja ingelipwa bei moja. Haiko hivyo. Nimeona godauni mbili zinazopakana ukuta, watunza stoo wana vyeti vilevile, na mmoja anamzidi mwenzake kwa zaidi ya laki. Wachumi Kenneth Burdett na Dale Mortensen walionesha mwaka 1998 kwamba jambo hili linaweza kutokea hata wafanyakazi wote wakiwa sawa na waajiri wote wakiwa sawa. Linatokea kwa sababu kutafuta kunachukua muda, na habari za mshahara hazimfikii kila mtu.

Nenda Mwaloni pale Kirumba asubuhi na mapema ulione hili kwa macho. Siku moja nilisimama karibu na mama mmoja mnunuzi wa dagaa mwenye simu mbili, moja sikioni, nyingine ameifunga kwenye pindo la kitenge. Mzigo wa kutoka Ukerewe ulikuwa haujashushwa na bei ya debe alikuwa ameshaijua. Mwuzaji alipotaja bei ya kupandisha, mama hakubishana, alicheka tu akamgeuzia kioo cha simu. Mwuzaji naye akacheka, akashuka. Huko Kerala, India, mchumi Robert Jensen alifuatilia wavuvi wa sardini simu za mkononi zilipofika kati ya mwaka 1997 na 2001. Kabla ya simu, mvuvi alirudi gati moja, akakuta wanunuzi wameisha, na kati ya 5% na 8% ya samaki ikatupwa wakati gati ya jirani watu wanawatafuta. Baada ya simu, bei za masoko zikakaribiana, faida ya mvuvi ikapanda kwa kama 8%, na mlaji akanunua kwa nafuu ya kama 4%. Samaki baharini hawakuongezeka. Kilichobadilika ni kila mtu kujua nani anataka nini, wapi, kwa bei gani.

Haya, niambie bei ya mwezi mmoja wa mtunza stoo hapa Mwanza. Huijui. Tunaulizana bei ya kitenge mpaka bei ya kiwanja Kisesa, lakini mshahara tunauficha kuliko ugonjwa. Anayeijua vizuri ni mwajiri. Mchumi Peter Diamond alilionesha hili mwaka 1971, kwa bei za madukani, na mantiki yake inahamia kwenye mishahara bila shida: kama kwenda kuuliza kwa mwingine kunagharimu, hata kidogo, mlipaji hana sababu ya kupandisha. Anajua ukiondoka hapo utapoteza nauli, siku nzima na bahasha, uende geti ambalo hujui litakupa nini. Diamond, Mortensen na Christopher Pissarides walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2010 kwa kazi ya kueleza masoko ya namna hii, ambamo mtafutaji na mwenye nafasi wanapishana gizani.

Ndiyo maana namwambia mjomba kwamba mshahara wa mji unatengenezwa pia na namna watu wa mji wanavyotafuta kazi. Kama wote tunapeleka bahasha kwenye geti lililo karibu, tunangoja kimya na hatuambiani tulichoambiwa, mwajiri anapanga atakavyo. Wakiwepo hata wachache wenye ofa mbili mkononi, mwajiri hajui ni yupi kati ya waliopanga foleni, na analazimika kuwapandishia hata wasio na ofa ya pili. Kukaa kimya kwako kuhusu 320,000 kuna anayefaidika nako, na si wewe.

Utasema kazi hazipo. Niliwahi kukaa upande wa pili wa meza, kwa hiyo nikusimulie. Kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, sikitaji, kiliniomba nisaidie kumpata mtunza stoo mmoja. Mlinzi wa getini alituletea maombi ndani ya kiroba cha unga, bahasha za kaki zimebanana mpaka nyingine zimekunjika katikati. Tulikuwa watu watatu na mchana mmoja. Tulisoma kama arobaini za juu. Za chini sijui ziliishia wapi, ila moja niliiona ikipepea jiko la chai. Aliyepata kazi alikuwa ametajwa na dereva wa lori la barafu. Aliacha baada ya miezi mitatu, na meneja akanipigia kulalamika kwamba Mwanza haina watu wa stoo! Watu walikuwemo, kwenye kiroba. Nami nilikuwa mmoja wa wale watatu ambao hawakufika chini.

Yule dereva wa barafu si jambo la Mwanza peke yetu. Mwanasosholojia Mark Granovetter aliwauliza wanaume wenye kazi za kitaalamu katika mji wa Newton, Massachusetts, jinsi walivyozipata, akachapisha mwaka 1973. Kati ya waliopata kwa kuambiwa na mtu wanayemfahamu, 16.7% tu walikuwa wakionana naye mara kwa mara. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na 27.8% kwa nadra sana. Sababu ni nyepesi ukiifikiria. Kaka yako, wifi na binamu wanajua unachokijua wewe. Mnakula sahani moja na mnasikia habari zilezile. Habari mpya inabebwa na mtu wa mbali kidogo: uliyekuwa naye field, mwenye duka la vipuri anayekuja kutoa fedha kibandani Ijumaa, kondakta. Sipendi mfumo huu, kwa sababu unawaacha nje wasiojuana na mtu, na mabinti wengi wanaombwa mambo mengine wanapoomba msaada wa kujulishwa kazi. Lakini wewe unakaa kwenye kibanda cha miamala! Kila siku mbele yako wanapita watu ambao biashara zao unaziona kwa miamala yao. Umewahi kumwambia hata mmoja kwamba una stashahada ya ugavi?

Hilo linanileta kwenye kuoza. Hofu yako ina msingi. Kory Kroft, Fabian Lange na Matthew Notowidigdo walituma wasifu wa kubuni kwa waajiri wa kweli katika miji ya Marekani, utafiti ukatoka mwaka 2013. Kadiri miezi ya kukaa bila kazi ilivyoongezeka kwenye karatasi ndivyo simu za kuitwa zilivyopungua, hasa ndani ya miezi 8 ya kwanza, kisha hali ikatulia. Ila soma sehemu ya pili: adhabu hiyo ilikuwa kali pale kazi zilipokuwa nyingi, na ilipungua pale soko lilipokuwa gumu. Mwajiri anakisia tu. Kazi zikiwa tele na wewe hujapata, anajiuliza wenzake waliona nini. Mahali ambapo nusu ya darasa lenu liko mtaani, pengo la miezi 14 halimwambii mengi.

Isitoshe wewe huna pengo, umeliandika vibaya. Kila jioni unalinganisha salio la kwenye simu na taslimu iliyomo kwenye droo, na zikipishana unatafuta kosa mpaka ulipate. Huo ni udhibiti wa stoo, bidhaa yake ikiwa fedha. Uandike kwenye wasifu, na miezi yake. Halafu tafuta barua ya mtu aliyekusimamia. Huko Afrika Kusini, Martin Abel na wenzake walikuta kwamba kuambatanisha barua ya mwajiri wa zamani kuliongeza kuitwa kwa kama 60%, na vijana wengi walikuwa nayo karibu na hawakuwahi kuiomba. Ya binamu haitasaidia, ataonekana ni ndugu. Mwombe msimamizi wako wa field, na mpe mistari mitatu ya ulichokifanya pale ili asiandike maneno matupu. Pia kwa fani yako kuna usajili wa Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB. Kama hujaanza, anza. Mwajiri mwenye kiroba mbele yake anahitaji kitu cha kumtofautisha mtu kwa sekunde tano.

Nasisitiza karatasi hizi kwa sababu ya Addis Ababa. Watafiti waliwagawa vijana wanaoishi mbali na katikati ya jiji: kundi moja likarudishiwa nauli ya kwenda kutafuta kazi, lingine likapewa mafunzo mafupi ya kuomba kazi pamoja na cheti cha kupimwa ujuzi. Mwanzoni makundi yote mawili yalipata kazi bora kidogo. Miaka minne baadaye faida ya nauli ilikuwa imeyeyuka, na waliopata mafunzo na cheti walikuwa wanapata kipato cha juu kwa karibu moja ya tano. Nauli inakufikisha getini. Kilichoandikwa kwenye karatasi ndicho kinachokutoa kwenye kiroba.

Kuhusu Dar nitakuwa mfupi. Mwaka 1964 serikali ya Kenya, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana waajiri waongeze watu kazini na vyama visidai nyongeza. Nafasi zilipatikana, lakini habari ikasambaa vijijini, na waliokuja mjini kutafuta wakawazidi waliopata. Wachumi John Harris na Michael Todaro wakalieleza hilo mwaka 1970: anayehama halinganishi mshahara na mshahara, analinganisha mshahara wa huko ukizidishwa na uwezekano wa kuupata. Rafiki yako amekutajia mshahara. Muulize uwezekano, na muulize atakulaza siku ngapi. Ukiniuliza mimi, kwa sasa ningepanua duara hapahapa. Tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe Juni 2025 pale Kigongo na Busisi, kama kilomita 3 juu ya maji, mtu wa Sengerema hasubiri tena kivuko, anakuja Mwanza na kurudi siku hiyohiyo. Kwa hiyo umeongezewa washindani, lakini umeongezewa na mageti. Watafutaji wengi wa Mwanza bado wanaona mji unaishia Usagara.

Sasa kizingiti chako kipya. Kipange kwa fedha ya mkononi, sahau ile inayotajwa kwenye usaili. Kazi ya 280,000 hapo Buhongwa unapokwenda kwa miguu na kurudi nyumbani kula inakuachia 252,000 baada ya NSSF, bila kodi. Inaizidi ile ya Nyakato kwa 90,000, ingawa masikioni inaonekana ndogo. Kwa hali yako, wakati ofa ni adimu, mimi ningekubali chochote kinachobakiza kuanzia 160,000 mkononi, chenye mkataba wa maandishi, NSSF, na muda wa kuendelea kutafuta, na ningekikagua kizingiti hicho kila baada ya miezi mitatu kwa kuhesabu nimeitwa mara ngapi. Ukifikia kuitwa mara mbili kwa mwezi, pandisha. Kwenye mazungumzo usianze na mshahara, anza na nauli. Meneja anayekataa kuongeza laki kwenye mshahara mara nyingi anaweza kukupa posho ya nauli au siti kwenye gari la wafanyakazi, na kwako 72,800 ni karibu robo ya 320,000.

Kabla ya kushuka zaidi, ijue sakafu ya sheria. Kima cha chini cha sekta binafsi kinatofautiana kwa sekta, na amri mpya imeanza tarehe 1 Januari 2026. Afisa Kazi wa mkoa atakuambia godauni linaangukia sekta gani na kima chake ni kipi. Hilo nenda ofisini ulisikie mwenyewe. Ukishaajiriwa, ukiachishwa kinyume cha sheria una siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Nimeona watu wakija na kesi nzuri siku ya arobaini. Jisajili TaESA, huduma ya serikali ya kuwaunganisha watafuta kazi na waajiri, na kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, halafu endelea na mengine, usikae ukingoje simu yao. Na mtu yeyote anayetaka hela ya fomu, ya vipimo au ya "kukuwekea nafasi" kabla hujafika kazini, mwache hapohapo, hata kama amevaa tai.

La mwisho ni lile la saa nne asubuhi, nililiweka nyuma lakini silichukulii kirahisi. Miaka ya 1930 watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, pamoja na wenzao, waliichunguza Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake kilifungwa. Ungetegemea watu wenye muda tele wasome zaidi. Vitabu vya maktaba viliazimwa vichache kuliko zamani, na wanaume walitembea polepole barabarani, wakisimamasimama bila sababu. Ulichonacho kinawapata watu wenye akili timamu na bidii. Kibanda kinaanza saa sita, kwa hiyo una asubuhi nzima: chagua siku tatu za wiki, andika usiku utakwenda wapi na kumwona nani kesho yake, maana kwenye utafiti mwingine wa Afrika Kusini vijana waliojipangia ratiba ya maandishi waliomba kazi nyingi zaidi na kupata nyingi zaidi. Lakini kama usingizi umeharibika, chakula hakipiti, au unapata mawazo ya kutotaka kuishi, acha kabisa habari ya wasifu. Mwambie kaka leo, mwende hospitali, Bugando au iliyo karibu, mkaonane na daktari ana kwa ana.

Na ile namba ya godauni la Nyakato, kama hujaifuta, piga wiki hii. Usianze kwa kuomba radhi. Uliza kama nafasi imejazwa, na kama haijajazwa, uliza habari ya nauli. Yule meneja alishawahi kukutoa kwenye kiroba mara moja.